Mupunga ya Koko Nyuma ya Pano

Koko wetu, mama ya mama yangu, alipokufa alituachia kinu, tasbihi, na kikapu moja ya mbegu ya mupunga. Kinu ilipasuka. Tasbihi iko kwa mama. Habari ya mbegu nitaisema hapa yote, na nitaisema vile ilikuwa, hata pahali kwenye mimi njo mwenye makosa. Na mimi njo mwenye makosa karibu kila pahali.

Mupunga ile ilikuwa na tabia ya kuudhi. Ukiipanda mwezi ya kumi, inatoa mashuke mwezi ya tatu. Ukichelewa, ukiipanda mwezi ya kumi na mbili, inatoa tena mashuke mwezi ile ile ya tatu. Mupunga ya agronomu, bwana shamba wa serikali, ile wanagawa mu gunia, unahesabu siku tangu kupanda, siku zikitimia unavuna. Ya koko hapana. Unaweza kuitia samadi, unaweza kuipalilia mara nne, unaweza kuitukana, haina haraka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, kalasi ya tano ku lise, shule ya sekondari, na nilikuwa naona kila kitu mu Kindu inakawia: treni inakawia, mashua inakawia, barua inakawia, diplome yangu inakawia. Halafu turudi nyumbani tukute hata mupunga inakawia. Nilikuwa naichukia, nasema kweli.

Lakini ukiipika, jirani wa nyumba ya tatu anajua. Harufu yake inatoka mu sufuria, inapita mulango, inaenda mu njia. Na kwetu, sisi watu wa zamani wa Kasuku, kata yetu mu Kindu, wenye kuswali, kuna desturi: mwanamuke akiolewa anatoka kwa mama yake na kikapu ya mbegu ya kwao, anaipanda kule ameolewa, na Maulidi ya kwanza anapika ile mupunga yake. Watu wanakula, wanajua bibi huyu ametoka nyumba gani. Mama alitoka na ya koko. Mimi ningetoka na ya mama.

Nyumba zingine zilikuwa zimeacha. Walisema kwa nini kungoja mwezi ya tatu, na agronomu anagawa mbegu ya haraka? Walikula mbegu yao ya zamani, ikaisha. Sababu mbegu ya mupunga mu joto ya Kindu haiwekeki. Mwaka ya kwanza inaota vizuri, mwaka ya pili inaota nusu, mwaka ya tatu ni chakula ya kuku. Usipoipanda kila mwaka, umeiua. Wakati ule nyumba iliyobaki na ile mupunga ilikuwa moja tu, yetu.

Baba alikuwa ku kazi ya serikali, shamba ilikuwa ya mama. Mama alikuwa anaipanda pahali mbili, sababu koko alimukataza kuipanda pahali moja. Nusu huku Kasuku, mu bonde nyuma ya uwanja wa mikutano. Nusu ngambo ya Lualaba, kwenye tulienda na mutumbwi kila juma kupalilia. Mimi nilikuwa nachukia ule mutumbwi kuliko hata mupunga. Unakaa na maji mu miguu, mwenye mutumbwi anaimba, kaye zako, daftari za masomo, zinalowana.

Mwaka ule Parti, chama ya serikali, ilisimamisha pano, ubao mukubwa wa matangazo, ku mwisho ya uwanja, upande wa bonde yetu. Ilikuwa kubwa kupita mulango ya magazini ya pamba, na juu yake walipaka sura ya Guide, rais wetu. Mbele ya pano walisimamisha nguzo ndefu ya chuma, na juu ya nguzo projektere moja, taa kali, inaangalia pano. Wakaleta grupu, mashine ya kuiwashia umeme, na ile grupu ilikuwa inanguruma tangu magaribi mpaka alfajiri. Mu nyumba zetu tulikuwa na taa ya mafuta tu, na mafuta yenyewe siku ingine haiko. Lakini Guide alikuwa na mwanga usiku muzima, hata watu wote wakilala.

Tulifurahi. Siwezi kusema tulikasirika, tulifurahi. Watoto walicheza mupira pale mpaka usiku. Wanafunzi wa lise tulipeleka viti vyetu chini ya nguzo, tukasoma kaye zetu kama watu wa Ulaya. Mimi sikukosa hata siku moja.

Na kupanda ilipofika, mimi njo nilimwambia mama.

"Mama, mwaka hii tupande mbegu yote huku nyuma ya pano. Tuache ngambo."

"Koko alisema pahali mbili."

"Koko hakuona taa. Ngambo mwaka jana wezi walikata mashuke yetu. Huku kuna mwanga, kuna mulinzi ya pano. Mwizi gani ataiba mbele ya macho ya Guide?"

Mama alicheka. "Na maji ya muto ikipanda?"

"Haijapanda huku tangu nizaliwe."

"Wewe ulizaliwa jana."

"Basi endelea na mutumbwi yako. Mimi niko na mutihani."

Mama hakusoma. Alijua Kurani yake na alijua kuhesabu, lakini kaye hapana, na alikuwa na heshima mbaya kwa muntu mwenye kusoma, hata kama ule muntu ni binti yake ambaye hajui kupika sombe ya majani ya muhogo vizuri. Akasema, "Haya. Wewe njo unasoma."

Tulimwaga kikapu yote mu bonde ile. Mama alipiga kikapu na mukono chini ili hata punje ya mwisho itoke.

Mupunga iliota. Iliota namna ambayo hatujaona. Mwezi ya pili ilikuwa imefika mama kiunoni, nyeusi kwa kijani, majani mapana. Watu walipita juu ya uwanja, wakasimama, wakasifu. Nilitembea mu njia kama mimi njo niliipanda.

Mwezi ya tatu ikafika.

Chini yetu, karibu na kijito, kulikuwa shamba ya mama moja ambaye mama yangu hakupatana naye sana, sababu ya kuku. Yeye alipanda mbegu ya agronomu. Yake ikabeba mimba, ikapasuka, ikatoa mashuke, na juu ya mashuke vile vimaua vidogo vyeupe ambavyo muntu asiyelima hajui kama ni maua. Yetu, kila asubuhi mama alikuwa anashika shina na vidole viwili, anaibonyeza polepole tangu chini mpaka juu, anatafuta kama ndani kuna kitu kimevimba.

"Bado," alikuwa anasema.

Juma ya pili, bado. Juma ya tatu, bado. Mama ya chini alipanda mpaka mu mupaka wetu na jembe yake ku bega.

"Mama, mupunga yako imesimama vizuri. Kama askari siku ya gwaride."

"Ni Mungu."

"Ndiyo. Lakini askari hawazai, mama."

Na akaenda akicheka, na mama akabaki na kicheko ile mu masikio. Nyuma ya siku kidogo, watu ku musikiti wakaanza kusema mupunga ya nyumba yetu ni dume. Wengine wakasema koko amekasirika mu kaburi. Mama aliposikia ile ya koko, hakubisha. Nilimwona akikaa ku mulango na kikapu tupu juu ya magoti.

"Alinikataza mara ngapi," alisema. "Pahali mbili. Mara ngapi."

Hakusema kama mimi njo nilimushauri. Ningependa aseme.

Mu siku zile zile mwalimu wa biolojia alitusomea somo ya maua. Hakuwa anaeleza, alikuwa anadikte: anasoma mu kaye yake ya zamani, ya Kifaransa, iliyochanika pembeni, na sisi tunaandika, na ukiuliza neno anarudilia tu ile neno kwa sauti kubwa. Alidikte kama ndani ya majani iko rangi moja, kidogo sana, jicho haiwezi kuiona, jina yake fitokromu. Kalasi ikacheka ile jina. Akagonga meza, akaendelea.

Ile rangi iko na sura mbili. Mwanga mwekundu iliyo ndani ya jua ikiipiga, inageuka, inapita mu sura ya pili. Giza ikikuja, inarudi polepole mu sura ya kwanza, saa kwa saa. Kwa ile njia mumea unajua usiku ilikuwa murefu namna gani. Kuna mimea inayongoja usiku irefuke mpaka kipimo fulani, njo itoe maua. Isiporefuka, inaendelea kutoa majani tu, majani, majani. Kwetu Kindu, tofauti ya usiku murefu na usiku mufupi ya mwaka haifiki hata nusu saa, lakini kuna mimea inaisikia. Na mwanga ikiingia katikati ya usiku, hesabu inaharibika. Mumea unadhani usiku ilikuwa fupi. Unangoja tena.

Niliacha kuandika. Koko hakujua fitokromu, lakini mupunga yake ilikuwa inaifanya mbele yake kila mwaka: panda mapema, panda kwa kuchelewa, yenyewe inangoja usiku ya mwezi ya tatu. Na mwaka hii usiku haikufika. Mu shamba yetu usiku haikufika hata siku moja.

Kalasi ilipotoka nilibaki.

"Mwalimu, na mwanga ya taa? Projektere ikiwaka usiku muzima, jani inaihesabu kama jua?"

Mwalimu aliangalia mulango. "Projektere gani?"

"Ile ya pano."

"Sitwayene, pano haiko mu programu." Sitwayen kwa mwanaume, sitwayene kwa mwanamuke: mwananchi, Parti ilituamuru kuitana hivyo.

"Lakini mwalimu, mupunga yetu iko nyuma ya ..."

"Andika kile nimedikte. Ku mutihani hawatakuuliza pano." Alikusanya chaki zake, akafuta vidole ku koti ya abakosi yake, na bila kuniangalia akasema chini chini, "Tafuta pahali ambapo kuna kivuli. Angalia kule. Na mimi sijakuambia kitu."

Nilikimbia mpaka bondeni na kaye mu mukono. Nyuma ya pano, katikati ya shamba, mupunga ilikuwa murefu sana hata hatukuwa tunaingia tena kule. Mama alikuwa anabonyeza yale ya pembeni tu. Niliingia. Majani yalinikata mikono. Matupu, matupu, matupu. Na mara moja, mashuke.

Yalikuwa mashuke mazima, yameinama tayari, yanaanza kugeuka manjano. Nilitembea mu mupaka wake. Hatua moja huku, majani. Hatua moja huku, mashuke. Mupaka ulinyooka kama umepigwa na rula, pande nne. Nilikaa pale mpaka jua ikazama na grupu ikaanza kunguruma na taa ikawaka, nione na macho yangu. Kivuli ya pano ilianguka mu shamba, juu ya yale mashuke, sawa sawa, hata shina moja haikuzidi. Kwenye pano ilizuia mwanga, mupunga ya koko ilipata usiku wake, ikazaa.

Nilimwita mama. Alikuja na kitambaa imefunguka ku kichwa. Aliingia, alipiga magoti, alishika shuke moja na mikono miwili kama unavyoshika uso ya mutoto. Kisha akanifunika mudomo na kiganja.

"Usiseme kwa muntu. Unasikia? Juma tatu, itakauka. Tutaikata sisi wawili, asubuhi, tutaweka mu kikapu. Mbegu imepona."

"Mama, hata ingine inaweza kupona! Mvua bado iko. Wakizima taa juma mbili, tatu, shamba muzima itabeba mimba."

"Nani atazima?"

"Nitawaeleza. Iko mu kaye, mama, imeandikwa!"

"Mwana wangu, wale hawasomi kaye. Acha shamba. Mimi nataka kikapu moja tu."

Yeye alitaka kikapu, mimi nilitaka shamba. Na nilitaka kitu ingine tena ambayo sikumwambia. Nilitaka muntu mukubwa, mwenye muhuri, aangalie kaye yangu na aseme: huyu mutoto amesema kweli. Ku Kindu hakuna muntu alikuwa ameniambia vile. Siku mbili nilivumilia. Siku ya tatu nilienda kwa mukubwa wa selile.

Mukubwa wa selile, yeye njo alikuwa anaongoza Parti mu kata yetu: salongo ya Jumamosi, ile kazi ya lazima bila malipo, animasio, nyimbo na ngoma za kumusifu Guide, orodha ya watu. Alikuwa na bureau ndogo karibu na soko, na kalamu nne mu mufuko wa kifua, zote hazikuandika. Nilisimama mbele ya meza yake, nikafungua kaye. Nilieleza rangi, nilieleza usiku, nilieleza mashuke. Alinisikiliza vizuri, kichwa pembeni, hata nikafurahi.

Halafu akasema, "Ngoja. Unataka kuniambia taa ya Guide inaharibu chakula ya watu?"

Kulikuwa mulinzi ku mulango, na yeye aliacha kutafuna. Nilijua watu waliopelekwa mu gereza kwa maneno madogo kupita ile. Maneno yangu yote ya kaye yakapotea, nikatafuta lolote la kusema, na hii njo ilitoka:

"Hapana, sitwayen. Nasema nyuma ya pano mupunga imezaa."

"Imezaa wapi?"

"Mu kivuli yake."

"Mu kivuli ya Guide."

"Ndiyo, sitwayen."

"Na pahali kwingine?"

"Pahali kwingine hapana."

Alisimama, akavaa kofia. "Twende nione."

Alipima mashuke na hatua zake, pande nne. Alirudi mbele, akaangalia pano, akarudi nyuma, akaangalia mupunga. Aliona kila kitu niliyoona mimi, na alicheka peke yake kama muntu aliyepewa mutoto wa kiume. Mama alifika akikimbia, jembe mu mukono, viatu haiko.

"Mama!" mukubwa alimwita. "Binti yako ana akili. Umeona Guide amekufanyia nini? Kwingine kote majani, na chini ya sura yake, mupunga!"

Mama aliniangalia mimi, hakumwangalia yeye.

"Ni mbegu yangu, sitwayen," alisema. "Ni ya mama yangu."

"Ilikuwa yako. Sasa ni ya watu wote." Akamwita mulinzi ya pano. "Muntu asiguse hii. Nyuma ya siku kumi delegasio ya wakubwa wa Parti inashuka na treni. Wataiona, halafu wataila."

"Haijakauka, sitwayen. Siku kumi itakuwa bado mbichi nusu."

"Tutaikausha."

"Unipe konzi moja tu. Konzi moja ya mbegu, ya mwaka kesho."

Alimwonea huruma, niliona. Njo ilikuwa mbaya zaidi, hakuwa muntu mubaya wa kupiga watu. Alimushika bega. "Mama, mbegu ya nini? Pano itabaki pale. Mwaka kesho Guide atafanya tena."

Siku zile kumi mama alijaribu. Alimupelekea mulinzi sahani ya sombe na samaki. Mulinzi alikula sombe, alikula samaki, aliramba sahani, akamurudishia, akasema, "Aksanti mama, rudi nyumba." Kesho yake alimupelekea tena. Ile mulinzi alinenepa, lakini shuke moja hakutoa. Alisema mashuke yamehesabiwa. Hakuna muntu aliyahesabu, lakini alisema vile.

Mimi nilirudi kwa mukubwa wa selile kumweleza tena, kwa taratibu, kama pano haikuzalisha kitu, ilizuia mwanga tu, hata ukuta ya choo ingefanya vile. Sikufika ku neno ya choo. Alinipa karatasi.

"Wewe njo utaisoma mbele ya delegasio. Unasoma biolojia, watakuamini."

Nilisoma mu nyumba yale maneno. Yalisema mupunga iliota mu kivuli ya Guide, na biolojia yenyewe imeshuhudia. Aliweka hata fitokromu. Aliiandika vibaya.

"Usisome," nilisema kwa mama, kama yeye njo ataisoma. Nilitaka kusema, sitaisoma.

"Utaisoma," mama alisema. "Usiposoma watatuuliza kwa nini, na baba yako iko ku kazi yao."

Delegasio ilifika na treni iliyokawia siku moja. Wamama wa animasio walivaa vitambaa vya Parti, wakaingia mu mupunga wakiimba, wakaikata. Mama alikuwa mu mustari wao. Alicheza. Alikata mashuke yake akicheza, mbele ya mama ya chini ambaye naye alikuwa anacheza, na nasema kweli, mama ya chini siku ile hakucheka.

Mupunga ilikuwa bado na maji ndani. Wakawasha moto, wakaweka vibati, wakaikaanga juu ya moto ili ikauke haraka, wakaitwanga pale pale mu vinu vitatu. Nilijua mbegu iliyopita ku moto ni nini. Hata mutoto asiyesoma anajua.

Halafu wakatafuta nani ataipika. Hakuna mwingine alijua ile mupunga inataka maji kiasi gani, sababu mu nyumba zao hawakuipika tangu zamani. Wakamupa mama. Alipika. Nilidhani ataiharibu, ataweka chumvi nyingi, ataiacha iungue. Aliipika vizuri kabisa. Harufu ilipanda mpaka uwanja, watu wakageuza vichwa, wazee wengine wa musikiti wakasimama. Hawakupewa. Ilikuwa ya delegasio.

Nilisoma karatasi. Niliisoma kama ku kalasi. Walipiga makofi. Mwalimu wa biolojia alikuwa mu safu ya walimu, naye alipiga makofi, akiangalia viatu vyake. Mukubwa wa delegasio aliniuliza niko kalasi gani, akasema Zaire iko na bahati ya kuwa na vijana kama mimi. Njo ile neno niliyokuwa nataka. Nilikuwa nimeingoja miaka, na nilipewa.

Alikula vijiko vitatu. Alisema alikwisha kula ku treni.

Walipoondoka nilirudi pale kwenye walitwanga. Makapi yalikuwa rundo chini ya vinu. Nilipiga magoti mu ile vumbi, nikapepeta na ungo, nikatafuta punje ambazo mutwangio haikuzivunja. Kuna zingine zinaruka nje ya kinu, zinabaki na ganda lake. Nilitafuta mpaka macho yakauma. Nilipata kama konzi, ile konzi moja mama aliyoomba.

Nilizipeleka nyumbani. Mama alinipa kitambaa safi. Tuliilowesha, tukafunga punje ndani, tukaweka karibu na mafiga kwenye kuna joto kidogo, vile wanavyofanya kujaribu mbegu. Mupunga nzima inatoa kijino cheupe siku ya tatu, siku ya nne.

Mu siku zile mama alinisemesha kama kawaida. Lete kuni. Umeswali? Kula. Nilingoja anitukane, nilikuwa tayari hata kupigwa. Siku moja nilishindwa, nikamwambia mwenyewe, "Mama, nilikosa. Ungeniambia maneno."

"Maneno gani?" alisema. "Ulisema kweli. Mimi sikujua kama kweli inafanya hivi."

Siku ya nne nilifungua, hakuna. Ya sita, hakuna. Nilisema labda sababu ya moto zinakawia. Mama alisema, labda. Juu ya uwanja grupu ilikuwa inanguruma, na mu bonde shamba ile ingine yote ilikuwa bado ya kijani, ndefu, inangoja. Mvua ilipoisha ilikauka imesimama hivyo, bila kuzaa, na mbuzi za watu ziliingia.

Siku ya kumi mama alifungua kitambaa mwenyewe. Alizisambaza na kidole, moja moja. Aliinamisha uso, akanusa. Zilikuwa zimeanza kuoza. Alitoka nje, akazimwaga mu kiwanja, na kuku za mama ya chini zikaja mbio. Hakuzifukuza. Alikamua kitambaa, akaitundika ku kamba.

"Lete maji," aliniambia. "Baba yako anarudi, na bado sijaweka kitu ku moto."